Haba si Ndogo: Maneno ya Udogo katika Biblia Yetu na Vinywani Mwetu

Kuna neno moja makanisani mwetu linalofanyishwa kazi ya maneno kumi, nalo ni "dogo". Tunasema kundi dogo, sadaka ndogo, imani ndogo, dhambi ndogo, mtumishi wenu mdogo. Si kwamba Kiswahili kimetunyima maneno. Kina haba, chache, changa, nyonge, duni, hafifu, finyu na embamba, na kila moja lina swali lake. "Dogo" huuliza ukubwa. "Chache" huuliza hesabu. "Changa" huuliza umri, na "nyonge" huuliza nguvu na cheo. "Haba" huuliza jambo jingine kabisa: je, kilichopo kinatosha haja iliyopo? Waliotafsiri Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, waliyatumia maneno haya kwa uangalifu mkubwa, isipokuwa mahali pamoja au pawili ambapo tutathubutu kubishana nao. Sisi tunaoisoma ndio tumeyachanganya, na mchanganyiko huo umeumiza watu.

Tuanze na walioumizwa. Tumekaa na washarika waliorudi kutoka kwenye mikutano ya maombezi wakiwa na jeraha ambalo hawakwenda nalo. Mama amempeleka mtoto anayeugua kifafa, ameombewa siku tatu, mtoto hakupona. Mwishoni mama anaambiwa, "Imani yako ni ndogo." Anarudi nyumbani na mizigo miwili, ugonjwa wa mtoto na hatia yake mwenyewe. Anayemwambia hivyo hudhani ananukuu Injili. Hanukuu. Biblia yetu haisemi "imani ndogo" pale ambapo Yesu anakemea. Inasema "imani haba".

Mkulima anaielewa tofauti hii bila kufundishwa. Mvua za vuli ni ndogo zikilinganishwa na za masika, lakini mwaka mzuri vuli inatosha kabisa kuivisha maharage, na hakuna anayenung'unika. Mvua haba ni habari nyingine. Mvua haba inaweza hata kunyesha sana wiki ya kwanza, ikaotesha mahindi, ikakatika yanapotaka kubeba. Haipimwi kwa wingi wa maji yaliyoanguka. Inapimwa kwa mmea uliobaki na kiu. (Hata methali ya haba na haba haipingani na hili. Tukumbuke kwamba kibaba chenyewe ni robo tu ya pishi. Methali haikuahidi gunia.)

Sasa tumtazame Petro katika Mathayo 14. Ameshuka chomboni, ametembea juu ya maji. Kama ni ukubwa wa imani, nani kati yetu ana imani ya kiasi hicho? Kisha akautazama upepo, akaanza kuzama, na hapo ndipo anaambiwa kwamba imani yake ni haba. Ilimfikisha katikati ya njia, ikakatika kama ile mvua. Wala tusisahau mpangilio wa tukio: mkono wa Bwana ulinyoshwa kwanza, swali likafuata. Petro aliulizwa akiwa tayari ameshikwa.

Neno la Kigiriki lililofasiriwa hivyo linatokea mara chache tu katika Injili, na ukizipitia zote unaona jambo ambalo wahubiri wa uponyaji hawapendi kulitaja. Halisemwi kwa mgonjwa hata mara moja. Halisemwi kwa mzazi wa mgonjwa. Linasemwa kwa wale ambao tayari wanamfuata Yesu: wanaohangaikia chakula na mavazi, wanaopiga kelele ndani ya chombo wakati wa tufani, wanaobishana kwa sababu wamesahau mikate. Na katika Mathayo 17 kuna mtoto mwenye kifafa hasa. Baba yake amemleta kwa wanafunzi, nao wameshindwa. Baadaye wanafunzi wanamwendea Yesu kwa faragha na kumwuliza sababu. Jibu lake linataja upungufu wa imani, na upungufu huo ni wa wanafunzi. Waliopungukiwa ni waombeaji. Baba wa mtoto hakuambiwa neno hilo. Yeye alirudishiwa mwanawe mzima.

Katika mstari ule ule unaotaja upungufu, Yesu anataja punje ya haradali. Kama tatizo la wanafunzi lingekuwa udogo wa imani, mfano huo usingekuwa na maana yoyote, kwa maana punje ni ndogo kuliko chochote walichokuwa nacho mkononi. Angewaambia waikuze kwanza. Badala yake anasema ya kiasi hicho inatosha. Basi imani inaweza kuwa ndogo bila kuwa haba. Inaweza pia, kama ya Petro, kuwa kubwa na bado ikawa haba, pale inapoacha kumtazama yeye inayemshika. Sisi Walutheri tumefundishwa tangu kipaimara kwamba imani inaokoa kwa sababu ya yule inayemshika, wala si kwa unene wake yenyewe. Mkono wa mtoto mchanga ukipokea shilingi, shilingi ile haipungui thamani kwa sababu kiganja ni kidogo.

Luka amezipanga sauti hizi mbili karibu sana, na watafsiri wetu wamezitunza. Katika sura ya 12, mstari wa 28, wanafunzi wanaitwa watu wa imani haba. Mistari minne mbele wanaitwa kundi dogo na kuambiwa wasiogope. "Haba" ni karipio. "Dogo" ni neno la kubembeleza. Mtu akisoma kwa haraka na kuweka "dogo" mahali pote pawili, karipio na kubembeleza vinakuwa kitu kimoja, na mtaa wenye washarika 30 unaanza kuamini kwamba uchache wake ni dhambi. Tumeisikia lugha hiyo katika taarifa za mwaka, ambapo mtaa mdogo unatajwa kwa sauti ya mtu anayetaja deni.

Mahali ambapo tunabishana na watafsiri ni Mathayo 25, hukumu ya kondoo na mbuzi. Mfalme anasema kwamba lililotendwa kwa mmojawapo wa ndugu zake walio wadogo lilitendwa kwake. Kigiriki hapo hakisemi wadogo tu. Kinatumia umbo la mwisho kabisa la neno, *elachistos*: aliye mdogo kuliko wote, ambaye chini yake hakuna tena mtu. Kiswahili hakina umbo la namna hiyo ndani ya neno lenyewe. Hulazimika kuongeza "kabisa", "sana" au "kuliko wote". Watafsiri walilijua hilo. Katika Mathayo 5:19, anayeivunja amri na kuwafundisha wengine hivyo, wamemwita mdogo kabisa. Katika Luka 16:10, panapozungumzwa mambo ya mali, wameongeza "sana". Ila walipofika kwa wenye njaa, wageni na wafungwa, kiongezo hicho kimeanguka. Hatudhani walifanya kwa kusudi. Lakini msikilizaji wa Kiswahili anasikia "wadogo", na mawazo yake hayaendi chini kabisa, mpaka kwa yule ambaye hata maskini wenzake humpita. Yanaishia kwa mtu wa chini kidogo kuliko yeye.

Tena kuna jambo ambalo Kigiriki hakikulikusudia na Kiswahili kimelileta chenyewe. Kwetu "mdogo" ni ndugu. "Huyu ni mdogo wangu" haimaanishi mtu mfupi; ni yule aliyenifuata kuzaliwa. Na Biblia Habari Njema, inaposema "ndugu zangu wadogo" pasipo "walio", imeufungua mlango huo wazi kabisa. Msharika anasikia kwamba wenye njaa ni wadogo zake Yesu, naye Mfalme ni kaka yao mkubwa.

Je, tuliite hilo kosa? Tumelitafakari sana, na hukumu yetu ni kwamba ni kosa lenye baraka ndani yake na hatari pia. Baraka yake inajulikana katika kila ukoo wetu. Kaka aliyepata kazi mjini ndiye anayelipa ada ya mdogo wake. Ukimpa mdogo wangu nauli alipokwama stendi, utapigiwa simu na mimi jioni ile ile nikikushukuru kama vile ulinipa mimi. Hakuna haja ya mhubiri kueleza sana jinsi tendo kwa mmoja linavyoweza kuwa tendo kwa mwingine. Sisi tunaishi hivyo. Hatari yake nayo inajulikana. Mdogo ndiye anayetumwa maji. Mdogo hunyamaza wakubwa wanapoongea, hula baadaye, na haulizwi anataka nini. Tukiwaona maskini kama wadogo kwa maana hiyo, tutawapa mchele na sabuni siku ya Pasaka, tutawapanga mstari mbele ya kanisa ili wapigwe picha, na hatutawauliza neno. Kwa sababu hiyo tungependa siku moja kusoma "walio wa mwisho kabisa". Ni maneno makavu, hayana utamu wa undugu, lakini "ndugu zangu" ipo hapo hapo katika mstari na itatosha kwa utamu.

Kutoka "dogo" tuingie kwenye kiambishi ki-, ambacho ni kitu cha ajabu katika lugha hii. Kijiti, kijito, kijumba, kijitabu: hapo ki- inapima tu. Lakini ikiwekwa kwa mtu, inapima moyo wa msemaji. Bibi akimwita mjukuu wake "kitoto changu" ni upendo. Mtu akisema "kale kamtu" au "kijitu kile" ni dharau, na hatuhitaji kumwona huyo mtu ili tujue. Katika Mathayo 18 Union Version imesema tuwe kama vitoto, ingawa neno lile lile la Kigiriki katika sura ya 19 limekuwa watoto wadogo. Wengine wamelalamika kwamba "vitoto" kuna ukakasi. Sisi tunaona ukakasi huo unafaa. Wanafunzi walikuwa wameuliza nani aliye mkuu, na Yesu akamweka katikati yao mtu ambaye kwa hesabu za mji ule hakuhesabiwa. "Watoto wadogo" ni neno la picha ya ukutani yenye wana-kondoo. "Vitoto" lina vumbi kidogo, na aliyekuwa akitafuta ukuu anaambiwa awe ki-.

Tena lugha yetu imewaweka katika ki- wale ambao jamii iliwaona wamepungukiwa: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Tunafanya vema siku hizi kusema mtu asiyeona au mwenye ulemavu, kwa kuwa maneno yale yamebeba dharau nyingi. Wanaojua sarufi watatukumbusha kwamba si kila ki- ni ya udogo, na kwamba "kiongozi" naye anaanza nayo. Tunawakubalia, ingawa viongozi wa kanisa hatutadhurika tukilikumbuka jambo hilo mara moja kwa mwaka. Lakini tazama sarufi ile ile inavyotenda mbele kidogo. Kiti kinavunjika, kisu kinakata. Ila hatusemi kiwete kinatembea. Tunasema kiwete anatembea, viziwi wanasikia. Jina linampunguza, kitenzi kinamrudisha kuwa mtu. Anayesoma Mathayo 11, pale Yohana anapojibiwa kutoka gerezani, asikilize vitenzi.

"Nyonge" nalo linatudai tuseme zaidi, maana hapo Biblia yetu imefanya vizuri kupita nyingi. Katika wimbo wa Mariamu, Luka 1, anasema Mungu ameutazama nini cha mjakazi wake? Wengi kwa kumbukumbu hujibu: unyenyekevu. Union Version imeandika unyonge. Tofauti ni kubwa. Unyenyekevu ni tabia njema, na kama Mungu aliutazama unyenyekevu wa Mariamu, basi alimchagua kwa sababu ya sifa yake. Mwaka 1521 Martin Luther aliandika ufafanuzi wa wimbo huu kwa ajili ya Johann Friedrich wa Saxony, kijana wa miaka 17 aliyetazamiwa kutawala. Humo alilipinga jambo hili hili. Alisema Mariamu hajisifii unyenyekevu, kwa kuwa mnyenyekevu wa kweli hajui kwamba ni mnyenyekevu. Anayejijua hivyo ameshaupoteza. Mariamu anataja hali yake: binti asiye na jina, wa kijiji kisicho na jina, ambaye watu hupita bila kumtazama. Macho ya Mungu yalikwenda pale ambapo hapakuwa na cha kutazama. Watafsiri wetu, ambao hawakuwa Walutheri wote, walichagua neno ambalo Luther angelipigia makofi.

Kwa hiyo tunaisikiliza kwa mashaka kidogo ile desturi ya wakubwa kujiita wadogo. Husikika kwenye harusi, kwenye harambee na hata madhabahuni: "Mimi mtumishi wenu mdogo, mnyonge, nisiye na kitu," na msemaji amewekewa kiti chenye kitambaa. Hatusemi anadanganya, ni adabu ya lugha, kama tunavyomwambia mgeni kwamba chakula ni kidogo huku meza imejaa. Ila mnyonge hasa, mwanamke anayefagia kanisa Jumamosi, hatujawahi kumsikia akijiita mnyonge. Hana haja ya kulitaja.

Tumefika kwenye matumizi ambayo tungependa kuyapita haraka, nayo hayatuachi. Udogo umekuwa pazia. Askari au karani akitaka hongo haombi hongo. Anaomba "kitu kidogo". Mwanamume mwenye hawara hasemi ana hawara. Ana "nyumba ndogo". Tuna uongo mdogo, kosa dogo, wizi mdogo mdogo wa vifaa vya ofisi. Neno ambalo Bwana alilitumia kuwainua watu tumelitumia kuzificha dhambi zetu, na limekubali kwa sababu ni neno la upole. Kwa nini kitu kidogo kiitwe kidogo wakati mwenye kukitoa amekosa dawa ya mtoto? Kwa mtoaji si kidogo; kwake ni haba iliyochukuliwa kutoka haba. Na nyumba ndogo, tukiihesabu kwa machozi ya nyumba kubwa, haina udogo wowote. Luka 16:10, panaposema juu ya uaminifu katika lililo dogo sana, hapakatazi tu hongo. Panakataa pazia lenyewe, yaani kule kudhani kwamba jambo likiitwa dogo limeshasamehewa.

Katekisimo Ndogo nayo imepata hasara kwa jina lake. Luther aliitoa mwaka 1529, baada ya kuzitembelea sharika za Saxony na kukuta watu, na wachungaji pia, hawajui hata Amri Kumi. Aliiandika kwa ajili ya baba wa nyumba na jamaa yake yote, na mwenyewe alikiri kwamba angali mwanafunzi wa katekisimo kila siku. Sisi tumesikia "ndogo" tukadhani ni ya watoto, tukaifunga kabatini siku ya kipaimara.

Tumalizie na Paulo, ambaye jina lake katika Kilatini lenyewe ni "mdogo". Katika Waefeso 3:8 anataka kusema alivyo mbele ya watakatifu, na Kigiriki kinamwishia. Analichukua lile neno la mwisho kabisa, *elachistos*, ambalo kisarufi haliwezi kwenda chini zaidi, na kulishusha bado: mdogo kuliko mdogo wa wote. Mwalimu wa lugha angelipigia mstari mwekundu. Union Version haikulisawazisha. Imemweka Paulo chini ya yule aliye mdogo wa watakatifu wote, kwa sentensi ndefu yenye mdogo mara mbili. Wasomaji wa masomo hujikwaa hapo karibu kila mara. Huyu husimama, hurudi nyuma, hudhani amerudia neno kwa makosa, na washarika huinua vichwa. Toleo lolote litakalokuja baadaye tungeliomba liuache mstari huo na kikwazo chake. Si kazi yake kusomeka kwa ulaini, kwa maana aliyeuandika aliwahi kulitesa kanisa, naye anajua anamwandikia nani.